Kalcha Mombasa: Huduma Nzuri Inayoharibiwa Kabla ya Kufika Maabara

Wengi husoma tathmini wakitafuta nyota, basi tuzitoe mapema. Kipimo cha kuotesha vijidudu na kupima usikivu wao kwa dawa, yaani kama dawa inawaweza, kile ambacho wodini huitwa kalcha tu, tunakipa nyota nne kati ya tano pale maabara inapofuata kanuni. Namna wahudumu wa afya tunavyokiagiza, tunavyochukua sampuli na tunavyosoma ripoti tunaipa nyota mbili, na hizo ni za huruma. Pengo hilo limo kati ya kitanda cha mgonjwa na dirisha la kupokelea sampuli, na humo ndimo tutakapokaa zaidi.

Maabara hatuzitaji kwa majina. Mombasa huduma hii ipo katika hospitali kubwa za umma, hospitali za binafsi na maabara za kujitegemea, na ubora wake hupanda na kushuka kwa sababu ya zamu, umeme na hifadhi ya vifaa kuliko kwa sababu ya kibao kilicho mlangoni. Afadhali ujue kuutambua ubora mwenyewe.

Tunamwandikia mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia au utabibu anayeanza mazoezi ya wodini, pamoja na mhudumu wa kituo cha afya cha Likoni, Changamwe au Kisauni ambaye sampuli zake husafiri. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa dawa. Fulana huchapishwa, keki hukatwa, mabango hutundikwa. Si vibaya. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na bango laweza kuibeba takwimu hiyo. Lakini mwanafunzi akishaiona kwa macho sahani ya agari (rojorojo ya kuoteshea vijidudu) ambayo bakteria wa E. coli wameota mpaka ukingoni mwa diski, kikaratasi chenye dawa, ya seftriaksoni, dawa ileile iliyochomwa mgonjwa asubuhi, hahitaji tena kuhamasishwa.

Unanunua nini?

Ukilipia kalcha unanunua siku mbili hadi tatu za kazi. Siku ya kwanza sampuli hupandwa kwenye agari na sahani kuingizwa kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37. Sampuli za usaha, majimaji ya mwilini na chupa za damu zilizoonyesha dalili hupakwa pia rangi ya Gram, inayowagawa bakteria katika makundi mawili, na kutazamwa kwa hadubini. Jibu la Gram hupatikana siku ileile, na ndilo watu husahau kuliulizia. Siku ya pili bakteria walioota hutambuliwa na kupambanishwa na dawa. Siku ya tatu duara zilizobaki wazi kuzunguka diski hupimwa kwa milimita, na ripoti huandikwa. Damu ina ratiba yake: chupa hukaa ndani ya mashine siku tano, au hadi saba kwa njia ya mkono, ijapokuwa nyingi zenye bakteria hujitokeza ndani ya saa 48 za mwanzo.

Kwa hivyo anayekuahidi kalcha ya mkojo jioni ya leo anakuuzia kitu kingine, aghalabu kijiti cha kuchovya na hadubini. Hivyo navyo vina kazi yake. Havitakwambia dawa gani itafaa.

Mkojo

Hii ndiyo sampuli inayopelekwa kwa wingi na inayoharibika kwa wepesi. Inayotakiwa ni ya katikati: mgonjwa ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, aachie mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha akinge mililita 10 hadi 20 kwenye kichupa kisafi kilichotoka kwenye pakiti yake, asiguse ukingo wala ndani ya kifuniko. Maelezo haya huchukua dakika moja kuyatoa. Yasipotolewa, mgonjwa hurudi na kichupa kilichojaa mpaka juu, mkojo wa mwanzo na wa mwisho pamoja, na maabara huotesha bakteria wa ngozi na wa uke. Ripoti inayosema kuna aina tatu au zaidi za bakteria maana yake sampuli ilichafuliwa. Haimaanishi mgonjwa ana maambukizi matatu, na si ruhusa ya kumpa dawa tatu.

Adui wa pili ni joto. Mkojo ukikaa wazi mezani, mwisho wake ni saa mbili. Katika joto la mwili E. coli hujigawa kila dakika 20 hivi. Kwenye chumba cha Mombasa wakati wa kaskazi, bila kiyoyozi, huenda polepole zaidi lakini hawalali. Fanya hesabu: tuseme wanajigawa mara moja tu kwa saa. Bakteria 5,000 kwa mililita saa mbili asubuhi, ambao hawana maana kubwa, watakuwa 160,000 saa saba mchana. Kizingiti kinachotumiwa kwa kawaida ni 100,000. Mgonjwa hakubadilika hata kidogo, ila sasa ana ripoti ya maambukizi na ataandikiwa dozi. Sampuli ya Likoni inayongoja feri, kisha inayongoja tena foleni ya dirisha, hupita hapohapo.

Dawa yake ni rahisi. Friji ya nyuzi 2 hadi 8 hukupa saa 24. Ikisafiri, iwe kwenye kasha la baridi lenye vifurushi vya barafu vilivyofunikwa kitambaa ili kichupa kisigande. Kama kituo kina vichupa vyenye asidi ya boriki, jaza mpaka mstari uliochorwa. Ukijaza nusu, asidi inakuwa kali kuliko ilivyokusudiwa na huwaua bakteria uliokuwa ukiwatafuta. Mwingine huona kichupa kimetoka na unga ndani akakisuuza, na hapo kinga yote imemwagwa.

Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, usichote kwenye mfuko. Bana mpira chini ya tundu la kuchukulia sampuli, ngoja mkojo ukusanyike, futa tundu kwa spiriti, vuta kwa bomba la sindano. Mpira ukiwa umekaa wiki kadhaa, ubadilishwe kwanza, kwa maana bakteria wa utando wa ule wa zamani wataota tu. Na kabla ya yote hayo jiulize kama kipimo kinahitajika. Mkojo wenye mawingu au harufu, bila homa, maumivu wala kuchanganyikiwa kupya, si sababu. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili hawatibiwi isipokuwa kwa mjamzito au anayekaribia upasuaji wa njia ya mkojo. Kwa maoni yetu agizo hili ndilo linalopoteza pesa nyingi kuliko yote, kwa sababu kalcha ya mtu mwenye mpira wa muda mrefu karibu daima itaota kitu, na kikiota mtu atakitibu.

Maabara yenyewe hutumia kitanzi cha kupimia, kwa kawaida cha mikrolita 1. Koloni moja kwenye sahani huhesabiwa kama bakteria 1,000 kwa mililita, koloni 100 kama 100,000. Kitanzi kikipinda au kikitumbukizwa chote kwenye mkojo, hesabu imeharibika, na hutajua.

Damu

Hapa ndipo huduma inapookoa maisha, na ndipo nidhamu hukosekana kwa sababu ya haraka. Kanuni ya kwanza: damu kabla ya sindano ya dawa. Mgonjwa mwenye dalili za maambukizi makali kwenye damu hapaswi kucheleweshewa dawa, lakini kuchukua damu ni kazi ya dakika chache, nayo hufanywa wakati nesi anachanganya dawa. Damu iliyochukuliwa baada ya dozi ya kwanza ina uwezekano mdogo sana wa kuota. Kikwazo hasa ni kwamba chupa hazipo wodini, ziko stoo, na ufunguo wa stoo anao mtu wa zamu ya mchana. Wodi inayotaka kufaidi huduma hii iweke chupa nne kwenye trei ya dharura na kukagua tarehe zake kila wiki.

Kanuni ya pili ni kiasi. Kwa mtu mzima kila chupa yataka mililita 8 hadi 10. Bakteria kwenye damu huwa wachache, mara nyingi hata mmoja kwa mililita hafiki. Anayeweka mililita 3 anacheza bahati nasibu. Seti moja ni chupa mbili, na seti mbili kutoka mikono miwili ndiyo desturi nzuri. Kituo chenye chupa za hewa pekee (za bakteria wanaohitaji oksijeni) kichukue mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa mtoto kuna chupa ndogo, mililita 1 hadi 4 kulingana na uzito. Usimwekee mtoto damu kidogo kwenye chupa ya mtu mzima ukidhani umefanya jambo lilelile. Uwiano wa damu na mchuzi wa chupa umepangwa.

Kanuni ya tatu ni ngozi. Klorheksidini asilimia 2 ndani ya spiriti ya asilimia 70, sugua sekunde 30, acha ikauke sekunde 30 nyingine bila kupuliza wala kupepea. Ukishasafisha usipapase tena mshipa kwa kidole. Mpira wa juu ya chupa haukuzaliwa safi eti kwa kuwa ulikuwa chini ya kifuniko: ufute kwa spiriti pia. Damu ya kalcha iingie chupani kwanza kabla ya vichupa vingine. Na ukimaliza, chupa hazitiwi friji hata siku moja. Ziache kwenye joto la chumba na uzifikishe maabara ndani ya saa mbili, zikichelewa sana saa nne. Tunalirudia hili kwa sababu aliyefundishwa kwamba mkojo unatiwa friji huiingiza na damu humohumo. Baridi huwadhoofisha bakteria wengine mpaka wasiote.

Kipimo cha kujua kama timu yako inafanya vizuri ni kiwango cha uchafuzi, nacho kinatakiwa kuwa chini ya asilimia 3 ya damu zote zinazochukuliwa. Staphylococcus wa ngozi akiota kwenye chupa moja kati ya nne, baada ya siku mbili, karibu daima ametoka kwenye ngozi ya mgonjwa au kidole chako. Akiota kwenye seti zote mbili kwa mgonjwa mwenye mrija ndani ya mshipa mkubwa, hayo mengine. Staphylococcus aureus, Salmonella Typhi (bakteria wa taifodi) na kuvu wa Candida, hata kwenye chupa moja, hawaitwi uchafu.

Na taifodi, maana Mombasa huwezi kuzungumza homa bila kuitaja. Kipimo cha Widal kinachofanywa kwenye vichochoro vya mji kila siku hutafuta kingamwili. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa wa zamani, hupanda kwa maambukizi mengine na kwa chanjo. Widal moja ikisema ndiyo haimaanishi mgonjwa ana taifodi leo, lakini inatosha kumwondoa mtu kwenye kemisti na siprofloksasini, au na sindano za seftriaksoni za siku kadhaa. Kalcha ya damu nayo si malaika, kwani hukosa takriban wagonjwa wanne kati ya kumi wenye taifodi ya kweli. Faida yake ni kwamba ikiota, umempata mhalifu mwenyewe na unaweza kumuuliza anaogopa dawa gani. Angalia hapa kosa moja la maabara: kipimo cha siprofloksasini kwa Salmonella hakisomwi kama cha E. coli. Kwa kanuni za CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, diski ya mikrogramu 5 hutaka duara ya milimita 31 au zaidi ili Salmonella aitwe msikivu, wakati kwa E. coli 26 hutosha. Maabara ikitumia jedwali la E. coli, Salmonella wa milimita 28 ataripotiwa msikivu, mgonjwa atapewa dawa, na homa haitashuka.

Vidonda na vinyesi

Usaha bora ni uliovutwa kwa sindano au kipande cha nyama kutoka ndani ya kidonda. Kijiti cha pamba ni chaguo la pili. Ukilazimika, osha kidonda kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, ondoa usaha wa juu, kisha kandamiza kijiti ukikizungusha kwenye eneo la sentimita moja ya mraba lenye nyama hai kwa sekunde tano, majimaji ya ndani yatoke. Kijiti kiingie kwenye kibebeo cha Amies. Kijiti kikavu kilichorudishwa kwenye mfuko wake hufika na maiti. Kidonda cha kisukari kisicho na wekundu, uvimbe, joto wala maumivu hakihitaji kalcha, kwa sababu kila kidonda kilicho wazi kina bakteria.

Kinyesi hakitaki mengi: kiagize penye kuhara damu au tuhuma ya kipindupindu, kisafirishwe kwenye kibebeo cha Cary-Blair, na uandike neno kipindupindu kwenye fomu, kwa maana Vibrio, bakteria wa kipindupindu, anahitaji agari yake ya TCBS ambayo haitumiwi kwa kila sampuli.

Fomu yenyewe pia ni sehemu ya huduma. Ukiandika jina, umri na herufi mbili za utambuzi, maabara itapima kwa kubahatisha. Andika sampuli imetoka wapi, saa iliyochukuliwa, dawa ambazo mgonjwa ameshameza (hata zile alizonunua mwenyewe dukani) na unachoshuku.

Ndani ya maabara

Njia inayotumika katika maabara nyingi ni ya diski, iliyosanifishwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966. Bakteria huchanganywa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, yaani takriban milioni 100 hadi 200 kwa mililita. Husambazwa kwenye agari ya Mueller-Hinton kwa kijiti cha pamba, pande tatu, sahani ikizungushwa nyuzi 60 kila mara. Diski zenye dawa hubandikwa. Sahani huingia inkubeta na kukaa saa 16 hadi 18. Kuna desturi ya dakika 15 mara tatu: ukungu utumike ndani ya dakika 15, diski zibandikwe ndani ya dakika 15 baada ya kusambaza, sahani iingie inkubeta ndani ya dakika 15 baada ya hapo.

Makosa yake yana mwelekeo, na mwanafunzi anayeujua mwelekeo anaweza kuibishia ripoti. Agari iwe na kina cha milimita 4. Ikiwa nene, dawa huzama na duara huwa ndogo, hivyo bakteria msikivu anaitwa sugu. Ikiwa nyembamba, duara hutanuka, na sugu anaitwa msikivu, kosa la hatari zaidi. Ukungu mzito hufanya kazi ya agari nene, ukungu mwepesi ya agari nyembamba.

Kinachoiumiza Mombasa hasa ni diski. Akiba hukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, zinazotumika kwenye nyuzi 2 hadi 8, zote ndani ya chombo chenye kikausha unyevu. Zinapotolewa lazima zingoje zifikie joto la chumba kabla ya kifuniko kufunguliwa. Hewa yetu ni ya chumvi na maji. Kichupa baridi kikifunguliwa papo hapo, mvuke huganda juu ya diski, na dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini huanza kuvunjika. Ongeza umeme unaokatika usiku bila jenereta. Diski dhaifu huwageuza bakteria wote kuwa sugu kwenye karatasi, na daktari anakimbilia meropenemu, dawa kali ya sindano, bure.

Namna ya kujua kama hayo yametokea ni udhibiti wa ubora. Maabara huwa na bakteria wa kulinganishia, kama E. coli ATCC 25922, ambaye majibu yake yanajulikana: kwa diski ya gentamisini ya mikrogramu 10 duara yake iwe kati ya milimita 19 na 26, kwa seftriaksoni ya 30 iwe kati ya 29 na 35. Hebu mwombe fundi wa maabara akuonyeshe daftari la wiki hii. Hili ndilo swali letu la kwanza kabla ya kulipa. Maabara nzuri hufurahi kuulizwa. Inayokuambia kwamba daftari liko kwa bosi, tunaipunguzia nyota moja palepale.

Dawa nyingine hazipimwi kwa diski kabisa. Kolistini hushindwa kupenya kwenye agari vizuri, na vankomisini kwa Staphylococcus hutaka kipimo cha kiwango cha chini kinachozuia ukuaji. Ukiona ripoti ya kolistini kwa diski, iweke kando.

Kuisoma ripoti

Kosa kubwa la wodini ni kuchagua dawa yenye duara pana. Gentamisini ya milimita 20 na seftriaksoni ya milimita 24 hazishindani. Kila dawa ina uzito wake, mwendo wake ndani ya agari na jedwali lake, na mfano huu ni mzuri kwa sababu ile ya 24, ingawa ni pana zaidi, imevuka mpaka wa usikivu kwa milimita chache tu: kwa CLSI, E. coli wa milimita 20 hadi 22 yuko katikati, na kuanzia 23 ni msikivu. Ukipima kwa macho utakosea. Soma herufi: S ni msikivu, R ni sugu. Herufi I ina matatizo yake. Kwa kanuni za Ulaya za EUCAST, tangu 2019, maana yake ni kwamba dawa itafanya kazi ukiongeza dozi au ikijikusanya kwa wingi mahali pa maambukizi. Uliza maabara inafuata kanuni zipi na za mwaka gani, maana majedwali husahihishwa kila mwaka.

Kisha tazama yasiyowezekana. Klebsiella huzaliwa na usugu kwa ampisilini. Proteus kwa nitrofurantoini. Enterococcus kwa sefalosporini zote za kawaida. Pseudomonas kwa seftriaksoni. Ripoti inayomwita mmoja wao msikivu kwa dawa hizo ina kosa la utambuzi au la kipimo, na inafaa kurudishwa. Na Salmonella aliye S kwa gentamisini kwenye sahani hatibiki nayo mwilini, kwa kuwa hujificha ndani ya seli ambamo dawa hiyo haifiki vizuri.

Ukibakiwa na dawa kadhaa zenye S, chukua nyembamba inayofika mahali pa ugonjwa. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye kibofu lakini haitoshi kwa figo wala damu. Shirika la Afya Duniani limegawa dawa hizi katika makundi matatu, ya kutumiwa kwanza, ya kuangaliwa na ya akiba, na orodha ya dawa muhimu ya Kenya inafuata mgawanyo huo. Amoksilini, gentamisini, doksisaiklini na nitrofurantoini zimo kundi la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini, azithromaisini na meropenemu ni za kuangaliwa. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya matumizi ya binadamu itoke kundi la kwanza. E. coli aliye sugu kwa seftriaksoni kwenye kibofu cha mwanamke asiye na homa, lakini S kwa nitrofurantoini, hahitaji meropenemu. Anahitaji miligramu 100 za aina inayotoka polepole, mara mbili kwa siku, siku tano, maadamu figo zinafanya kazi. Bei ya tiba hizo mbili hazikaribiani, na moja yataka kitanda na mrija.

Ripoti ikifika, ibadilishe dawa. Inasikitisha idadi ya majibu yanayobandikwa kwenye faili huku mgonjwa akiendelea na dozi ya kubahatisha mpaka siku ya saba. Siku ya tatu ya tiba, saa 48 hadi 72 baada ya kuanza, mtu mmoja wa timu aulize: kalcha imesemaje, tunapunguza, tunabadilisha, au tunasimamisha?

Bei na masharti

Bei hatuziandiki kwa sababu hazilingani, na nafuu si lazima iwe hasara. Kabla ya kulipa ulizia kama bei inahusisha kipimo cha dawa bakteria wakiota au hilo hulipiwa tena, kama jibu la Gram na damu iliyoota hupigiwa simu saa ileile badala ya kungoja karatasi, na kama sampuli iliyochafuka hurudiwa bure. Ulizia pia kama SHA (bima ya afya ya serikali) au bima nyingine ya mgonjwa inagharamia. Swali la Ijumaa ni muhimu: sampuli iliyopandwa Ijumaa alasiri inasomwa na nani Jumamosi na Jumapili? Penye jibu la kigugumizi, subiri Jumapili jioni kama mgonjwa anaweza, au tafuta kwingine.

Nyota ya tano tunaizuia kwa jambo moja ambalo ni maabara chache huwapa wateja wake: jedwali la mwaka linaloonyesha, kwa kila aina ya bakteria, asilimia ngapi walikuwa wasikivu kwa kila dawa. Huhesabiwa mgonjwa mmoja mara moja tu, bakteria wa kwanza wa mwaka, na kwa aina zilizofika angalau 30, kwani chini ya hapo asilimia hupotosha. Takwimu tayari zimo kwenye madaftari. Kituo kinachopeleka sampuli nyingi kina haki ya kuiomba, kwa barua, na kuibandika ukutani mwa chumba cha dawa mahali ambapo anayeandika dozi saa nane usiku anaiona.